Maji Yasiyopwa: Duara la Wakati katika Simulizi za Kuasisiwa kwa Kilwa

Ikisiri

Makala hii inasoma upya simulizi mbili za kuasisiwa kwa Kilwa Kisiwani, ile ya Kiarabu ya Kitab al-Sulwa na ile ya Kiswahili iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907. Simulizi hizo zinalinganishwa na mchezo wa video Final Fantasy wa mwaka 1987, mmoja wa michezo ya mwanzo ya kuigiza uhusika ambao kisa chake kimejengwa juu ya duara la wakati. Hoja inayotetewa ni kwamba duara katika simulizi za Kilwa si kosa la mwanahistoria wala pambo la msimulizi. Ni njia ya kudai mwanzo. Ushahidi unatolewa katika msuko wa simulizi zenyewe na katika sarufi ya wakati ya Kiswahili, hususan kiambishi hu-.

Utangulizi

Katika nakala ya Kiarabu ya historia ya Kilwa yumo mfalme anayesubiri maji yapwe. Ametoka bara akiwa na watu wake ili akitwae tena kisiwa alichokiuza mwenyewe. Anafika kivukoni, anakuta maji yamejaa, wala hana wasiwasi, kwa kuwa maji hupwa. Anasubiri kama ilivyo desturi ya mahali pale. Maji hayapwi. Mfalme anakata tamaa, anajutia alilolifanya, anarudi kwake akiwa na huzuni, na kuanzia hapo historia ya Kilwa kama tuijuavyo inapata nafasi ya kusimuliwa.

Wanahistoria wameshughulika sana na matini hii. S. Arthur Strong aliihariri na kuichapisha mwaka 1895, G.S.P. Freeman-Grenville aliifasiri na kuifafanua mwaka 1962. Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa kwa miaka mingi, aliijadili katika makala yake ya mwaka 1965 na katika kazi yake kubwa ya mwaka 1974. Maswali yao yalikuwa ya haki: Waajemi walifika lini? Walitoka Shiraz kweli? Sarafu zinasema nini? Katika maswali hayo yale maji yaliyokataa kupwa hayakuwa na kazi. Yaliwekwa katika kapu la visasili, pamoja na merikebu saba na nguo zilizozungushwa kisiwani, na kapu likafungwa.

Nakusudia kulifungua kapu hilo, na chombo nitakachotumia kitawashangaza baadhi ya wasomaji. Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuujadili wakati wa mviringo kwa kurejelea riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991). Kazi hizo ni nzito, zimebeba falsafa nyingi kwa pamoja, na kwa sababu hiyo si rahisi kulitenga duara lenyewe na mizigo yake. Mchezo wa video wa miaka ya 1980, uliolazimika kusimulia kisa chake kwa mistari michache ya maneno kwa sababu kaseti yake haikuwa na nafasi ya zaidi, unatuonyesha duara likiwa mifupa mitupu. Isitoshe, Kilwa yenyewe imekwisha kuingia katika ulimwengu huo: katika nyongeza ya mchezo wa Civilization VI iliyotolewa mwaka 2018, Kilwa Kisiwani ni mojawapo ya maajabu ambayo mchezaji anaweza kuyajenga. Kijana anayekaa Osaka au Toronto huenda akalijua jina la Kilwa kabla ya kulijua la Dar es Salaam. Si vibaya basi sisi nasi tukaichungulia michezo hiyo kwa jicho la uhakiki.

Mwisho unaojizaa

Final Fantasy ulitolewa Japani na kampuni ya Square tarehe 18 Desemba 1987, chini ya uongozi wa Hironobu Sakaguchi, na ukafika Amerika Kaskazini mwaka 1990. Haukuwa wa kwanza wa aina yake; Dragon Quest ulitangulia mwaka 1986. Kinachotuhusu ni namna ulivyoupanga mwanzo na mwisho wake.

Mashujaa wanne, kila mmoja akiwa na kito kilichopoteza nuru, wanafika katika ufalme wa Cornelia. Binti mfalme ametekwa na askari mkuu aliyeasi, aitwaye Garland, naye amefichwa katika hekalu bovu. Mashujaa wanampiga Garland katika dakika za mwanzo kabisa za mchezo, wanamrudisha binti, mfalme anawajengea daraja, na safari inaanza. Mchezaji anamsahau Garland. Kwa saa nyingi anapambana na mazimwi wanne walioteka ardhi, moto, maji na upepo. Anajifunza kwamba nguvu ya upepo ilizimwa miaka 400 iliyopita na ya maji miaka 200 iliyopita. Mwishowe anarudi katika hekalu lile lile la mwanzo na kuvuka kwenda miaka 2000 nyuma. Huko anamkuta Garland akimsubiri. Kumbe alipokuwa akifa, mazimwi wanne walimtuma wakati uliopita; naye kutoka huko akawatuma mazimwi wakati ujao, ili wao wamtume yeye tena. Hana mwanzo wala mwisho. Kila afapo huwa ndiyo kwanza anazaliwa.

Tuangalie vizuri kilichofanyika hapa, kwa kuwa ni rahisi kukichanganya na mbinu rejeshi. Katika mbinu rejeshi msimulizi ndiye anayerudi nyuma. Matukio yenyewe yanabaki mahali pake. Katika duara, tukio la mwisho ndilo sababu ya tukio la mwanzo. Garland harudi nyuma ili kukumbuka. Anarudi ili awe amekuwapo. Mtu aliyeshindwa leo anajipandikiza katika asili ya mambo, na tangu hapo yeyote atakayeichunguza asili hiyo atamkuta yeye amekaa.

Mashujaa wanapolivunja duara, malipo yao ni ya ajabu. Wanarudi katika wakati wao, na kwa kuwa uovu haukuwahi kuanza, vita vyao navyo havikuwahi kupiganwa. Hakuna wa kuwashukuru. Kilichotendeka kinabaki kama hadithi tu, isiyo na tarehe wala shahidi. Jambo hili nitalirudia nikifika katika vita vya Majimaji.

Panya mwenye mdomo wa chuma

Nakala pekee ya Kiarabu tuliyo nayo ilifika mikononi mwa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, mwaka 1877, kwa mkono wa Sultani Barghash, na sasa imehifadhiwa London. Matini yenyewe ni ya zamani zaidi. Mwandishi wake aliishi katika karne ya 16, baada ya meli za Francisco de Almeida kuiteka na kuipora Kilwa mnamo Julai 1505. Mreno João de Barros, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1552, alitumia historia iliyopatikana Kilwa, na muhtasari wake unafanana na nakala ya Kiarabu mahali pengi na kuachana nayo mahali muhimu.

Mahali mojawapo ni mwanzo. Kwa Barros, Ali anaondoka Uajemi kwa sababu ya dharau: mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi na ndugu zake hawakumhesabu. Sababu hii ni ya kibinadamu na inaaminika upesi. Katika nakala ya Kiarabu sababu ni ndoto. Sultani anaota panya mwenye mdomo wa chuma akiutoboa ukuta wa mji, anaifasiri ndoto kuwa ni dalili ya kuangamia kwa nchi yao, na hapo yeye na wanawe sita wanapanda merikebu saba na kutawanyika. Moja inaishia Mombasa, moja Pemba, moja Anjouan. Ya sita inatia nanga Kilwa.

Motifu ya panya si mali ya Kilwa peke yake. Waandishi wa Kiarabu husimulia kwamba bwawa kuu la Maarib huko Yemen lilibomoka kwa sababu ya panya walioutafuna ukuta wake, na kwamba wapo walioonyeshwa jambo hilo mapema wakauza mali zao na kuhama. Mwandishi wa Kilwa, mtu aliyesoma, bila shaka aliijua habari hiyo. Lakini amefanya nayo jambo lake. Maarib panya anatangulia, ukuta unatoboka, maji yanafumka na watu wanatawanyika. Kilwa panya anatangulia na watu wanatawanyika, ila maji, yanapokuja mwishoni mwa kisa, yanasimama. Kilichoiangamiza Maarib ndicho kinachoilinda Kilwa.

Swali ninaloliona kubwa zaidi ni hili: mtu wa karne ya 16, katika mji ambao kuta zake zimekwisha kutobolewa kwa chuma cha mizinga ya Kireno, anawezaje kuandika juu ya panya mwenye mdomo wa chuma bila kuufikiria mji wake mwenyewe? Sidhani inawezekana. Nionavyo mimi, ndoto hiyo ni maangamizi ya mwaka 1505 yaliyotumwa nyuma hadi Shiraz. Mwisho wa Kilwa umefanywa kuwa sababu ya mwanzo wake. Sisemi kwamba mwandishi alikaa akalipanga jambo hili kama fumbo. Huenda mkono wake ulijua kabla ya yeye kujua. Lakini msuko ni ule ule wa Garland, na hata umbo la nje la kitabu linaafikiana nao: mwandishi anaahidi sura kumi, na nakala tuliyo nayo inakatika katika ya saba. Kitabu kisicho na mwisho kimeuweka mwisho wake katika ukurasa wa kwanza.

Ukishalitazama hivyo, mengi yaliyowakera wanahistoria yanapata maana nyingine. Dawud anatawala kwa niaba ya nduguye aliyekwenda Hija, anamrudishia kiti, kisha baada ya miaka anakikalia tena kwa haki yake mwenyewe. Mfalme mwingine anafukuzwa kwa nguvu ya watu wa Shanga, anakimbilia Zanzibar, anarejea. Majina ya Ali, Hasan na Sulaiman yanazunguka hata mtu hajui yupi ni yupi. Chittick alijaribu kuinyosha kamba hii. Akaona kwamba nasaba ya Shirazi haikuanza kabla ya mwishoni mwa karne ya 12, ingawa matini inautaja mwanzo wake kuwa katikati ya karne ya 3 ya Hijria, yaani karne ya 9. Kisha mwaka 1984 hazina ya sarafu ikafukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba. Ilikuwa imefukiwa katika karne ya 11, na ndani yake likasomwa jina la Ali bin al-Hasan. Mwanzo ukavutwa nyuma tena. Haikosi kuchekesha kidogo kwamba hata akiolojia, yenye vipimo na tabaka zake, imejikuta ikimsindikiza Ali huku na huko katika karne tatu.

Nguo na pwani

Turudi kisiwani. Mgeni anamkuta Mwislamu mmoja na jamaa zake, na msikiti. Anaambiwa kwamba mwenye nchi ni mfalme kafiri aliyekwenda bara kuwinda. Mfalme akirudi wanazungumza biashara. Sharti lake ni moja: kisiwa kizungushiwe nguo za rangi. Mgeni anakubali, nguo zinazungushwa, mfalme anazikusanya zote na kuvuka kwenda bara. Ndipo yule mwenyeji Mwislamu anapomwonya mgeni kwamba mfalme atarudi kuua na kupora, naye anawashauri wachimbe mkondo pale watu walipozoea kuvuka kwa miguu.

Mfalme wa kwanza anatajwa katika matini ya Kiarabu kwa lakabu ya Kiswahili: Nguo Nyingi. Wengine huisoma Nguo Mingi, na hati yenyewe inaruhusu mjadala. Kwa mwanaisimu hilo ni tunu, kwa kuwa ni kielezo cha mapema cha upatanisho wa kivumishi cha -ingi na nomino ya ngeli ya N, kikiwa kimefichwa ndani ya sentensi ya lugha nyingine. Kwa msomaji wa simulizi ni zaidi ya tunu. Mwandishi anayejitahidi kuwapa watawala wake nasaba ya Kiajemi ameshindwa kumwita wa kwanza wao kwa jina ambalo mke wa mvuvi hakulijua.

Kisiwa kilichozungushiwa nguo ni duara linaloonekana kwa macho. Lakini duara kubwa zaidi lilikuwapo kabla ya nguo, nalo ni bahari. Katika pwani ya Kilwa na Lindi maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua tofauti yake hupita mita 3, na wakati wa maji mafu hupungua sana. Kila kazi hufuata mzunguko huo: kuchokoa pweza, kuvua kwa wando, kuvuka, kupakia jahazi. Neno lenyewe tunalolitumia kuitaja nchi yetu limetokana nao. Pwani ni -pwa na kiambishi tamati cha mahali -ni: ni mahali pa kupwa maji. Hatukuiita nchi hii kwa jina la bahari ijaayo. Tumeiita kwa jina la bahari iondokayo na kuacha njia.

Kiswahili husema maji hupwa. Kiambishi hu- kina tabia ambayo wanasarufi wameieleza vyema, ila sijaona ikihusishwa na usimulizi. Hakibebi kiambishi cha nafsi: mimi hupita, wao hupita, maji hupita. Mtenda akitajwa ametajwa nje ya kitenzi; ndani ya kitenzi hayumo. Tena hakina njeo. Tendo la hu- halikutokea jana wala halitatokea kesho. Limo katika zamu. Na jambo la tatu, ambalo kwa hoja yangu ndilo zito: hu- hakina ukanushi wake chenyewe. Mtu akitaka kukanusha maji hupwa hana budi kukiacha kiambishi hicho na kuazima umbo jingine, aseme maji hayapwi, au, akitaka kulifunga jambo katika siku moja, maji hayakupwa. Mazoea hayakanushiki kwa ulimi wao wenyewe.

Kisa chote cha kivuko kinakaa katika badiliko hilo la umbo. Mfalme wa bara anaishi katika hu-. Elimu yake yote ya mahali pale ni elimu ya zamu: maji hupwa, watu huvuka, mwenye nchi hurudi. Ndiyo maana hana haraka. Kisha siku moja maji hayakupwa, na tukio hilo moja lenye njeo linaitoa Kilwa katika zamu na kuiingiza katika historia. Baada yake -ka- ya masimulizi inaweza kuanza kazi: akatawala, akafa, akafuata mwanawe. Napenda pia kuonyesha jambo dogo la sauti, ingawa sidai kwamba msimulizi alilikusudia. Katika yamekupwa, -ku- ni ile ya kitenzi cha silabi moja. Katika hayakupwa, -ku- ni ya ukanushi wa wakati uliopita. Sikio linasikia kupwa mara zote mbili. Maji yaliyopwa na maji yaliyokataa kupwa yanatofautiana kichwani tu mwa neno.

Mlango wa bahari ulio kati ya Kilwa Masoko na Kisiwani ni bonde la kale lililofunikwa na bahari, lenye kina cha kupitisha meli kubwa. Hakuna aliyeuchimba kwa jembe. Kwa mwanahistoria wa matukio hoja imekwisha hapo. Kwangu inaanzia hapo. Kwa nini waasisi wapewe kazi ambayo dunia ilikwisha kuifanya kabla ya binadamu? Jibu langu ni kwamba wamepewa ili waonekane wamekuwapo. Watawala wa karne ya 16, wakigombea kiti kilichokuwa kikitolewa na kutwaliwa na Wareno, walihitaji kuwa wa mwanzo kuliko mwanzo. Kitabu kinawatuma nyuma, kupita mfalme wa bara, kupita hata bahari, hadi mahali ambapo wao ndio waliokitenga kisiwa na nchi. Katika mchezo wa mwaka 1987 kazi hiyo inafanywa na adui. Katika kitabu cha Kilwa inafanywa na mjenzi wa mji, nasi tumekisoma kwa miaka zaidi ya mia bila kumwuliza hati yake ya kiwanja.

Mrimba na mjukuu

Simulizi ya Kiswahili, iliyochapishwa na Velten katika Prosa und Poesie der Suaheli pamoja na habari za miji mingine ya kusini kama Lindi, inayajua mambo haya haya na kuyapanga vingine. Hapa mwenyeji ana jina: ni Mrimba. Hakwenda kuwinda, yupo na watu wake. Mgeni, Ali bin Selimani, anafika kutoka Uajemi, anatoa zawadi, anapewa ruhusa ya kukaa, anamwoa binti wa Mrimba. Baadaye ndipo anapomwomba mkwewe ahamie bara. Mrimba anataka atandikiwe nguo za kupita juu yake, anatandikiwa, anahama. Akiisha kuhama anajuta na kuandaa vita. Ali anasoma Kurani na kufanya kafara, na kivuko kinakuwa hakipitiki.

Tofauti ya kwanza ni ya nguo. Katika Kiarabu nguo zinakizunguka kisiwa: ni mpaka, ni duara linalofungwa. Katika Kiswahili nguo zinatandikwa chini: ni njia. Mrimba anatembea juu yake kama bibi harusi au kama mtawala, na asiyejua kisa angemwona anatawazwa, haoni kwamba anaondoshwa. Tofauti ya pili ni ya maji. Katika Kiarabu watu wanachimba, na kazi ya mikono yao inawapa haki ya mahali. Katika Kiswahili hakuna jembe. Yapo maombi baina ya wakwe, na sababu yake ni kuzuia vita kati ya watu waliokwisha kuwa ndugu.

Tofauti ya tatu inaigeuza simulizi nzima. Ali na binti wa Mrimba wanazaa mtoto wa kiume. Mtoto anakua, anavuka kwenda bara kumwona babu yake, na babu anamkabidhi utawala. Kijana anarudi Kisiwani akiwa sasa na haki mbili. Katika jamii nyingi za nyuma ya pwani hii, Wamwera na Wamakonde miongoni mwao, uzawa umekuwa ukihesabiwa kwa upande wa mama. Kwa hesabu hiyo mtoto wa Ali hakuwahi kuwa mgeni. Maji yaliyomzuia babu hayakumzuia mjukuu.

Hapo ndipo duara la kitabu cha Kiarabu linapovunjwa, na halivunjwi kwa vita. Mfalme asiye na jina aliyeachwa ng'ambo akisubiri amepata jina, binti na mjukuu. Mwanzo haudaiwi tena na aliyefika. Unatolewa na aliyekuwapo. Wapo watakaosema kwamba hii nayo ni siasa, ya wenyeji safari hii. Ni kweli, wala sioni aibu yake. Lakini inafaa kukumbuka kwamba utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023 na kuhusisha pia makaburi ya Kilwa na Songo Mnara, ulikuta kwamba kuanzia takriban mwaka 1000 asili ya Kiajemi iliingia kwa kiasi kikubwa upande wa wanaume na ile ya Kiafrika kwa kiasi kikubwa upande wa wanawake. Vinasaba havithibitishi nguo zilizotandikwa. Ila binti wa Mrimba, ambaye Kitab al-Sulwa haimtaji kabisa, amejitokeza katika maabara.

Maji mengine

Mnamo Julai 1905, miaka 400 baada ya Almeida, watu wa Nandete katika milima ya Wamatumbi, nyuma ya Kilwa Kivinje, waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima. Sipendi kuzichezea namba, na wahusika wenyewe hawakuwa wakihesabu kwa karne za Kizungu. Hata hivyo inagusa kuona kwamba katika pwani hii hii, kwa mara nyingine, watu waliweka matumaini yao katika maji yatakayoacha kutenda kama maji yatendavyo, au katika risasi zitakazokuwa maji. Risasi hupenya, walitarajia siku moja isipenye. Mfalme wa bara alisubiri maji yafuate zamu, yakakataa. Wafuasi wa Kinjikitile Ngwale walisubiri risasi ziache zamu, nazo zikaendelea nayo. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka ule, vita vikiwa bado vichanga.

Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Lindi mwaka 1943, aliiandika tamthilia ya Kinjeketile (1969) kwa mhusika ambaye, kama mwandishi mwenyewe alivyotahadharisha, si nakala ya mtu wa historia. Katika mwisho wa tamthilia hiyo Kinjeketile amefungwa, vita vimeshindwa, na anatakiwa aseme neno moja tu, kwamba maji yalikuwa uongo. Anajua kwamba hayakuzuia risasi. Anakataa kusema, kwa kuwa neno hilo lingechukuliwa na kurudishwa kwa watoto ambao hawajazaliwa, nao wangeambiwa kwamba hakuna kilichopiganiwa.

Wahakiki wengi wamelijadili tendo hilo kama suala la ukweli na uongo, au la kiongozi na umma. Ukilisoma ukitokea Kisiwani unaona pia suala la wakati. Mashujaa wa Final Fantasy wanashinda, na ushindi unafuta kumbukumbu ya vita. Kinjeketile ameshindwa, na anachokilinda ni kumbukumbu kwamba vita vilikuwapo. Wajerumani wanamtaka arudi nyuma kwa ulimi wake, aufikie mwanzo wa Majimaji na kuuondoa, ili kilichotokea kiwe hakikutokea. Hatumwoni Hussein akitumia neno duara, lakini anachokikataa mhusika wake ndicho kilichomtokea mfalme wa bara: kufutwa katika mwanzo wako mwenyewe na mtu anayeandika baadaye.

Matini ya Kiarabu ya Kilwa inastahili tafsiri ya Kiswahili ya kiuhakiki itakayochapishwa ubavuni mwa ile ya Velten, ukurasa kwa ukurasa, ili mwanafunzi wa Kilwa Masoko azione nguo zikizungushwa upande mmoja na kutandikwa upande wa pili. Mfasiri wake atakapofika kivukoni atakuwa na uamuzi wa kufanya juu ya kitenzi kimoja. Akiandika maji yakawa hayapwi, atakuwa amemwacha mfalme ng'ambo hadi leo. Akiandika maji hayakupwa, itakuwa ilikuwa siku moja, na kesho yake inawezekana yalipwa kama kawaida, naye Mrimba au mjukuu wake akavuka.